Chachu Kwenye Bahari ya Hajji

Chekeni tu, wala msijizuie, maana mji mzima umeshacheka na mimi bado naishi. Kuanzia mtaa wa Malangali mpaka Izia, hapa Sumbawanga, nikipita na begi langu la spana nasikia mtu anamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo aliyewalewesha samaki," halafu kicheko, na mimi nakaza mwendo nimeuma meno, kwa sababu nikisimama nitampiga mtu, na nikifika polisi nitaanzia wapi kueleza habari ya samaki? Sasa leo naisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana nimechoka kuisikia imetiwa chumvi na watu ambao siku ile hata getini kwa Hajji hawakuwepo. Aibu ni yangu, nakubali. Na hasira ni yangu pia, msininyang'anye.

Mimi ni fundi friji. Miaka kumi na minne natengeneza friji katika mji ambao mwezi wa saba ukiacha maji kwenye ndoo nje, asubuhi unayakuta baridi kuliko ya kwenye friji lenyewe (ndiyo maana kazi zangu si nyingi, na ndiyo maana sichagui kazi). Basi Hajji, mfanyabiashara wa hapa mjini mwenye maduka na malori, alikwenda Dar es Salaam kumtembelea mwanawe Nassoro, akakuta huko watu wanafuga samaki wa baharini ndani ya kioo, akapagawa. Mtu mzima, ana wajukuu, akarudi na bahari. Tangi la kioo refu kama mita mbili na nusu, limekaa sebuleni kwake juu ya kabati, taa ya bluu inawaka, ndani mawe, na samaki: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wengine wadogowadogo wa njano, na mmoja mkubwa wa bluu ambaye Hajji alimpa jina la Sultani. Chumvi ya kuchanganya maji inatoka Dar kwa mifuko. Sisi huku ziwa tunalo, tena maji baridi matamu, samaki tele, lakini yeye alitaka wa chumvi.

Na ndani ya kabati, chini ya tangi, ndipo ilipokaa hiyo mashine iliyonivunjia heshima. Nassoro anaiita skima. Ni bomba nene la plastiki, limesimama wima, lina pampu yake. Pampu inavuta maji ya samaki na wakati huohuo inavuta hewa kupitia kipira chembamba, inavichanganya, linatokea povu, povu linapanda na uchafu wote wa samaki, mkojo wao, mabaki ya chakula, linaingia kwenye kikombe cha juu kama chai nyeusi inayonuka, wewe unamwaga. Ndiyo kazi yake yote. Povu likipanda, maji yanakuwa safi. Povu lisipopanda, samaki wanaogelea chooni kwao. Kwa kuwa mjini hapakuwa na fundi wa bahari, Hajji alinikabidhi mimi, akanipa na ufunguo wa mlango wa nyuma, akisema, "Fundi Evarist, pampu ni pampu."

Kabla sijaendelea lazima mjue jambo moja, la sivyo mtadhani nalilia samaki. Mimi nilikuwa mlevi. Sizungumzii mtu anayekunywa sikukuu, nazungumzia mtu anayeokotwa. Mke wangu, Mama Neema, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akamchukua mtoto akarudi kwa baba yake, kijijini Msanzi. Miezi saba nilikaa peke yangu Izia napika ugali unaoungua chini na mbichi juu. Nikaacha pombe. Nikaenda Msanzi na wazee wawili kumwomba mke wangu arudi, na baba mkwe akaniweka mbele ya ukoo mzima akaniapisha mambo mawili: nisinywe, na nisikanyage mahali inapopikwa wala inapouzwa. "Miguu ikienda, mdomo unafuata," alisema. Nikaapa yote mawili. Na Mama Neema, ambaye alikuwa hajasema neno siku nzima, akasema, "Ni mara moja, Baba Neema. Hakuna ya pili." Akarudi. Neema akarudi shule ya hapa. Nyumba ikanukia tena chakula kilichoiva. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi siku ile, na hayo ndiyo niliyoyachezea.

Ijumaa Hajji akanipigia. Kesho yake, Jumamosi mchana, alikuwa anapokea wakwe wanaokuja kumchumbia binti yake, watu wa mwambao wa ziwa, wameongozwa na Shehe mmoja mtu mzima, na skima ilikuwa haitoi povu siku ya tatu. Maji yameanza rangi ya njano. "Nataka wageni wakute povu linafanya kazi," akasema. "Hawa ni wavuvi, Fundi. Wataniuliza."

Nikaenda. Nikafungua pampu, nikalitoa panga lake linalozunguka, lina utando mgumu mweupe, nikaliloweka kwenye siki, nikalisugua na mswaki. Nikasafisha shingo ya bomba mpaka ikang'aa. Nikapandisha maji, nikashusha maji. Washa: pampu inanguruma vizuri kabisa, lakini ndani vipovu viwili vitatu, kama soda iliyoachwa wazi tangu jana. Nikafungua tena, nikafunga tena. Mpaka alasiri shati limelowa na mimi nimeshaitukana ile plastiki kwa Kiswahili na Kifipa, nikabakiza kuipiga teke.

Nassoro akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Dakika nne! Nikausikiliza. "Brother, nisikilize kwa makini, hiyo siyo friji, sawa? Hiyo ni kitu delicate. Sasa kwanza unajua pampu ni ipi? Ni hiyo nyeusi pale chini..." Jamani. Mimi, umri wangu huu, mtoto niliyemwona anavaa kaptula ananielekeza pampu ni ipi! Damu ikanipanda kichwani. Nikakata. Sikufika hata dakika ya pili. Nikaweka simu mfukoni nikasema, huyu atanifundisha nini kuhusu povu?

Kwa sababu povu mimi nalijua. Nimezaliwa ndani ya povu. Marehemu mama yangu alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi, ndiyo iliyonisomesha (na ndiyo iliyoniharibu, lakini hilo siyo kosa lake), na tangu nina miaka sita nilikuwa najua chungu kilicho hai na chungu kilichokufa. Chungu kikilala, hakipandishi, mama hapigi kelele wala hafungui kitu na spana. Anachukua kikombe cha chachu kutoka kwenye chungu cha jirani kinachochemka, anamimina, anafunika, na baada ya muda unasikia chwi chwi chwi, povu hilo. Basi usiku kucha nikageuka kitandani nawaza, na wazo likaonekana lina akili sana: hii mashine imelala tu. Inataka kuamshwa. Kikombe kimoja, nani atajua?

Hapo ndipo mnapaswa kunichapa.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Neema alitangulia kwa Hajji, alikuwa ameitwa kusaidia pilau pamoja na akina mama wengine. Mimi nikachukua jagi lenye mfuniko nikaenda kwa Mama Skola. Kilabu chake nilikuwa sijakipita hata kwa mbali tangu nilipoapa, nilikuwa nazunguka barabara nyingine. Nikasimama mlangoni kwake, nje kabisa, miguu yote miwili nje, nikasema, "Mama Skola, shikamoo, naomba chachu kidogo, nina haraka."

"Marahaba. Chachu? Wewe? Mama Neema anajua?"

"Siyo ya kunywa. Ya kazi."

"Kazi gani ya friji inataka chachu?"

"Mama Skola, nipe tu."

Akacheka, yule mama, tumbo lote likatikisika. "Kwangu chachu haitolewi mlangoni kama makaa. Unaingia, unakaa, unaonja, ili kesho usije kuniambia nilikupa iliyokufa. Mama yako alikuwa hivyohivyo, amewafukuza wengi." Na ni kweli, alikuwa hivyohivyo. Nikaangalia saa. Nikaangalia barabarani, hakuna mtu. Nikaingia. Nikakaa. Akanichotea kwenye kata, nikalamba kwa ncha ya ulimi, nikatema pembeni, na nawaambia ukweli wangu wote, sikumeza hata tone. Lakini niliingia, nikakaa, nikaonja. Akanijazia jagi lita mbili, linachemka, linatoka povu la kikahawia kwenye mfuniko, na mimi nikaondoka nimelikumbatia ndani ya koti kama mwizi wa mtoto.

Kwa Hajji nikapita mlango wa nyuma na ufunguo wangu. Sebuleni hapakuwa na mtu, wote wako jikoni na uani. Nikafungua kabati, kwenye lile tangi dogo la chini linalopokea maji, nikamimina kikombe kimoja. Nikachuchumaa nikatega sikio. Kimya. Nikangoja kama robo saa. Vipovu vilevile viwili. Nikamimina kikombe cha pili. Ng'o. Hapo hasira zikanishika, mnanijua, nikasema, hivi wewe plastiki unanidharau mpaka lini? Nikamimina jagi lote. Lita mbili za chachu hai ya Mama Skola kwenye bahari ya Hajji, nikasuuza na jagi lenyewe, nikamimina hiyo pia. Juu, Sultani akapita karibu na kioo akanitazama. Nikamwambia subiri, utanishukuru.

Povu halikuja, na wageni wakaja.

Wakaingia, wanaume kama kumi, kanzu nyeupe, wakaketi kwenye mazulia, Shehe katikati, mzee mwembamba ana mikono mikubwa ya mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote. Mimi nimejibanza kwenye kona karibu na kabati, nanuka siki. Na kama Hajji alivyosema, macho yao yote yako kwenye tangi. Mmoja akauliza, "Hawa wanaliwa?" Hajji akasema hawaliwi. "Sasa wanafugwa wa nini?" Wakacheka kidogo kwa adabu. Shehe hakucheka. Alisogea na kuchuchumaa mbele ya kioo, akatazama muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Hajji, hawa mbona wanahemea juu? Samaki akipanda juu kuvuta pumzi, maji yamemchosha." Na kweli, wale wa njano walikuwa wamejipanga juu ya maji, vinywa wazi.

Hajji naye, kwa kutaka kuonekana anajua, akasema, "Ni mashine tu, ilikuwa na hitilafu. Fundi ameshaitengeneza. Fundi, hebu waoneshe wageni."

Hebu waoneshe wageni! Nikapiga magoti mbele ya wakwe wa watu, nikafungua milango ya kabati, pampu inanguruma, povu hakuna. Nikabonyeza hapa, nikazungusha pale, watu kumi wananitazama kisogo. Ndipo nikakiona kile kipira chembamba cha hewa, kinaning'inia pembeni, ambacho tangu jana sikukigusa, maana nilikuwa nashughulika na mambo makubwa. Kwa hasira tu, siyo kwa akili, nikakichomoa nikaweka mdomoni nikapuliza kwa nguvu zangu zote, kama unavyopuliza jiko la kuni lenye moshi. Kikagoma. Nikapuliza tena mpaka masikio yakalia. Paa! Kitu kikaruka. Kipande cha chumvi, kimeganda, hakizidi punje ya ulezi. Chumvi ilikuwa imeziba njia ya hewa. Siku nne zote. Kipande cha chumvi.

Nikakirudisha kipira mahali pake. Hewa ikaingia: fyooo!

Jamani, lile povu. Mashine iliyokuwa na njaa ya hewa siku nne imekutana na lita mbili za chachu ya ulezi. Lilipanda kwenye shingo ya bomba kama maziwa yanayochemka mama hayupo, kikombe kikajaa mara moja, mfuniko ukainuka wenyewe, na povu likatoka, zito, la kikahawia, linatoka kabatini linashuka kwenye zulia linaelekea kwa wageni. Nikalikandamiza kwa mikono. Likapita kati ya vidole. Nikauegemea mfuniko kwa kiwiko, ukaruka, povu likanipiga usoni, kifuani, kwenye nywele. "Zima!" anapiga kelele Hajji. "Zima, Fundi!" Na mimi nazima nini, nimeingiza kichwa kabatini nachomoa kila waya ninaoushika, nimezima taa, nimezima cha kupashia maji joto, povu linakuja tu. Wageni wameinuka wamekunja kanzu zao mpaka magotini. Mwisho Shehe akanipita taratibu, akainama, akachomoa waya mmoja ukutani. Kukawa kimya. Alikuwa ameuona tangu mwanzo, ndio uliokuwa unatoka kwenye pampu.

Halafu harufu ikafika.

Ninyi mnaijua harufu ya chachu. Ikijaza kilabu ni kawaida yake. Ikijaza sebule ya mtu aliyekwenda kuhiji, mbele ya Shehe, mbele ya wakwe, siku ya posa, mahali ambapo tangu nyumba ijengwe halijaingia hata tone, hiyo ni habari nyingine. Hajji alivuta pumzi mara moja. Akavuta mara ya pili. Uso wake ulibadilika taratibu na nilitamani anipige, ingekuwa nafuu.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Umekunywa pombe nyumbani mwangu?"

"Hajji, sijanywa."

"Unanuka mwili mzima."

"Sijanywa!"

Mgeni mmoja nyuma akasema, wala hakunong'ona, "Huyu bwana kalewa, mwacheni," na hapo nikawaka. Nilimwambia afunge mdomo wake, nikamuuliza ananijua mimi, nikamwambia maneno ambayo hayasemwi mbele ya Shehe, na kwa kelele zangu akina mama wakatoka jikoni wakajaa mlangoni, na mbele yao, mwiko mkononi, Mama Neema.

Akanitazama. Povu linanitiririka kwenye masikio. Niliuona uso wake unafunga, ule uso nilioujua wa siku aliyofungasha nguo za mtoto, na nikaona Msanzi, nikaona ugali mbichi juu umeungua chini, nikaona kila kitu. Nikasahau wageni. Nikasahau adabu. Nikapiga kelele, "Mama Neema, njoo uninuse! Njoo hapa mbele ya watu wote! Nusa mdomo wangu!" Nikaenda nikapiga magoti mbele yake kwenye zulia lililolowa, mtu mzima mimi, nikaachama kama mtoto anayepimwa meno.

Mama Neema akainama. Akanusa. Akanishika kidevu, akanigeuza, akanusa tena. Kisha akasimama wima akawaambia wote, sauti haitetemeki, "Hajanywa. Ni nguo ndizo zinazonuka. Mdomo hauna kitu."

Ningekuwa na akili ningesema asante nikanyamaza hapohapo. Lakini mimi nimeshinda kesi! Nikasimama, nikamgeukia yule mgeni, nikamgeukia Hajji, nikasema, "Mmesikia? Mmesikia nyote? Mnamsingizia mtu!" Na ili niwanyamazishe kabisa nikaeleza, kwa sauti ya kujiamini, kwamba ile ni chachu tu, nimeitia kwenye mashine ili ipandishe povu, kitaalamu, kama anavyofanya mpishi chungu kikilala.

Halafu mmoja akauliza polepole, "Umewapikia samaki pombe?" Na sebule nzima ikapasuka. Walicheka wale wazee, wakashikana mabega, mmoja akakaa chini kwenye povu na kanzu yake, akina mama mlangoni wanafutana machozi kwa kanga. Nilisimama pale nimekunja ngumi. Hajji hakucheka. Alikuwa anamtazama Sultani, ambaye alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

Aliyeokoa siku ni Shehe. Alipandisha mikono ya kanzu akasema, "Cheko baadaye, hawa wanakufa. Maji mengine ya chumvi yapo?" Yalikuwepo, pipa zima nyuma ya jiko nililolichanganya wiki iliyotangulia (hilo angalau nililifanya sawasawa), lakini yalikuwa ya baridi ya Sumbawanga. Shehe akaagiza maji ya moto ya jikoni yatiwe kwenye madumu, yafungwe vizuri, madumu yazamishwe ndani ya pipa mpaka maji yawe vuguvugu. Wale wavuvi kumi, waliokuja kuposa, wakapanga mstari, wakachota samaki kwa bakuli za pilau, mmoja mmoja, kwa mikono inayojua samaki. Sultani alikuwa ameshakufa. Na wawili wa njano. Wengine walipona. Hajji akaninyooshea mkono, kiganja wazi. Nilidhani ananipa mkono. Alikuwa anataka ufunguo wake.

Nikatoka uani kunawa. Mama Neema alikuwa anapakua pilau kwenye masinia, mgongo kwangu. Nikasogea nikiwa bado na kiburi cha kesi yangu niliyoshinda, nikasema, "Umeona walivyotaka kunipakazia?"

Hakugeuka. "Chachu ulitoa wapi?"

Mnaona? Watu kumi na Hajji na Shehe hawakuuliza hilo. Yeye aliuliza.

"Kwa Mama Skola."

"Alikuletea nje?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Lakini alikuwa ametoka kunisafisha mbele ya watu, harufu ya pombe iko kwenye pua yake, na mdomo ukanigomea. Nikasema, "Niliingia."

"Ukakaa?"

"Nilikaa."

"Ukaonja?"

"Nilitema. Mama Neema, naapa, nilitema."

Akaendelea kupakua. Alijaza lile sinia, akapanga nyama juu yake vizuri, akafuta ukingo kwa kitambaa, akampa mwenzake apeleke kwa wageni. Ndipo akageuka. Sikuona hasira. Hasira ningeiweza, nimeizoea. Akasema, "Mimi nimewaambia watu hajanywa, na ni kweli. Sasa mimi nitamwambia nini baba?" Akachukua sinia lingine.

Jumatatu hawakuwepo. Yeye, Neema, na begi la shule.

Ule ujumbe wa Nassoro niliusikiliza wiki hiyo, peke yangu, mpaka mwisho. Dakika ya tatu anasema: mara nyingi ni kipira cha hewa kimeziba na chumvi, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, na tafadhali usiongeze kitu chochote kwenye maji. Dakika kumi! Nilitaka kuvunja simu. Nikaikumbuka bei yake nikavunja kikombe. Na nikiwaza sana namkasirikia Nassoro kwa sauti yake ile, namkasirikia Mama Skola na sheria zake za mlangoni, nawakasirikia wanaocheka njiani, nazunguka nao wote, na kila nikizunguka narudi palepale kwangu, kwa mtu aliyeona barabara haina mtu akaingia.

Juzi Jumapili nikaenda Msanzi. Baba mkwe alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniwekea kigoda. Nikaanza maelezo yangu: kipira, chumvi, hewa, mimi sikumeza. Alinisikiliza mpaka nikaisha, hakunikatiza hata mara moja, kisha akasema, "Sisi hatukukuuliza kuhusu koo, mwanangu. Tulikuuliza kuhusu miguu." Akarudi kwenye mahindi yake.

Neema alinikimbilia, akanikumbatia kiunoni. Mama yake akatoka ndani na ugali na dagaa, akanipigia goti kwa adabu zote, akaweka chakula mbele yangu, akanawisha mikono yangu. Akasema, "Karibu chakula, mgeni."

Mgeni. Mimi! Nilikula, nikamaliza, kwa sababu mgeni haachi chakula cha watu. Na nawaambia ninyi mlio marafiki zangu: siapi tena, viapo vyangu watu wameshavipima uzito, lakini mkiniona nimesimama karibu na mlango wa kilabu, hata kama ninaomba kiberiti, hata kama nyumba inaungua, nipigeni jiwe. Jumapili ijayo naenda tena Msanzi, na Jumapili nyingine, nitakula hicho chakula cha mgeni mpaka siku Mama Neema atakayoniwekea sahani asiseme kitu.